Mwamba wa Quarto

Mei ya mwaka 1982 meli yetu ilikuwa imefungwa gatini Genova, kaskazini mwa Italia, ikisubiri kipuri cha injini. Ilikuwa meli ya shehena yenye bendera ya Ugiriki, na mabaharia wake walikuwa mchanganyiko: Wagiriki, Wafilipino, Wapakistani, na sisi wachache wa pwani ya Afrika Mashariki. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikuwa kijana wa sitahani. Kazi yangu kukwangua kutu, kupaka rangi, kuvuta kamba na kushika zamu. Serahangi wetu alikuwa mtu wa Barawa, ule mji wa Waswahili ulio mbali kabisa upande wa kaskazini, huko Somalia. Alikuwa rika la baba yangu, na sote tuliotoka pwani tulimwita Ami.

Ami alikijua Kitaliano vizuri, kwa sababu Barawa ilikuwa chini ya Waitalia na utotoni alisoma katika shule yao. Katika bandari nyingine tulikuwa wageni wa kuonyeshana vidole. Genova tulikuwa na mtu wa kutusemea.

Mwaka ule jina la Garibaldi lilikuwa kila mahali mjini. Ilikuwa inatimia miaka 100 tangu kifo chake cha tarehe 2 Juni 1882, na ukipita mbele ya duka la vitabu utaona ndevu zake dirishani. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya upakuzi bandarini maisha yake yote. Alikuwa ameshastaafu, lakini asubuhi haachi kuja gatini kuangalia meli. Akazoeana na Ami. Alipojua kwamba Ami alisomeshwa habari za Garibaldi huko Barawa, alisema hawezi kutuacha tuondoke bila kutuonyesha mahali walipoondokea *Mille*, yaani wale Elfu. Jumapili moja akatupitia, amevaa koti na viatu vya kutokea, akatupandisha basi la kuelekea mashariki.

Quarto ni kitongoji cha Genova, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Tulishuka karibu na Gaslini, hospitali kubwa ya watoto, tukatembea katika barabara inayoitwa Via V Maggio, Barabara ya Tano Mei. Upande mmoja nyumba za ghorofa zenye kuta za njano na waridi, upande wa pili bahari.

Nilitarajia kukuta gati, au walau ufukwe wa mchanga. Hakuna. Ni majabali yaliyochongoka yanayoingia moja kwa moja katika maji ya kina, na juu ya jabali moja kuna kinguzo kidogo cha kuonyesha mahali penyewe. Bahari ilikuwa shwari siku hiyo, lakini hata hivyo maji yalikuwa yanapanda na kushuka ubavuni mwa jabali kiasi cha dhiraa moja. Aliyewahi kuteremka kutoka jabalini kuingia mashuani anajua maana yake. Unangoja wimbi liinue mashua, unatia mguu kwa wakati wake, na ukikosea unaangukia kati ya mbao na mwamba. Walioteremka hapa usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei 1860 walikuwa watu kwa mamia, gizani, na wengi wao walitoka miji ya bara kama Bergamo, Brescia, Milano na Pavia. Hawakuwa watu wa maji.

Juu kidogo, kando ya barabara, ndipo ilipo sanamu ya shaba iliyochongwa na Eugenio Baroni. Nilikuwa nimeshaona sanamu za majemadari katika bandari nyingi, na karibu zote zina farasi na upanga. Hii haina farasi. Garibaldi amesimama wima, na kumzunguka kuna miili ya watu, uchi, wenye misuli, wanaojinyanyua kutoka ardhini. Wengine wanaonekana wamekufa, wengine ndio kwanza wanaamka. Ushindi, kwa umbo la mwanamke mwenye mabawa, umemwinamia kwa nyuma. Mimi mtu wa kukwangua kutu nilitazama kwanza ile shaba yenyewe. Chumvi ya bahari ilikuwa imeipiga ikatoa michirizi ya kijani mgongoni mwa mmoja wa wale watu, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Niliweka kiganja changu pale. Jua lilikuwa limeipasha shaba joto.

Mzee akaanza kusimulia, Ami akitafsiri. Tangu siku hiyo nimesoma kila kitabu nilichobahatika kukipata juu ya habari hii, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni maneno yake pamoja na yale niliyojifunza baadaye.

Mwanzoni mwa mwaka 1860 Italia haikuwa nchi moja. Kaskazini-magharibi palikuwa na ufalme wa Sardinia, makao yake Torino, chini ya Vittorio Emanuele II. Waaustria walishika Venezia na maeneo yake. Katikati palikuwa na dola ya Papa. Kusini yote, pamoja na kisiwa cha Sicilia, ilikuwa chini ya wafalme wa ukoo wa Bourbon waliokaa Napoli. Aprili mwaka huo watu wa Palermo waliinuka wakazimwa. Waliotaka Italia iungane wakamwendea Giuseppe Garibaldi, mtu wa umri wa miaka 52, awaongoze kwenda Sicilia.

Huyu Garibaldi alikuwa baharia. Watu wengi wanamkumbuka kwa fulana nyekundu na vita vya nchi kavu, lakini alizaliwa Nizza, mji wa bandari, mwaka 1807, akaanza kusafiri na meli angali kijana mdogo, na mwaka 1832 akapata cheti cha unahodha. Mwaka 1834 alishiriki njama ya uasi hapo hapo Genova, akakimbia, akahukumiwa kifo akiwa hayupo, na hatimaye akafika Amerika Kusini alikopigana miaka mingi, baharini na nchi kavu. Mzee wetu alipotaja unahodha wake, Ami aligeuka akaniambia, "Umesikia, mwanangu? Mwenzetu huyo." Nami nilifurahi kama kwamba ametajwa mtu wa Tanga.

Safari yenyewe ilipangwa kwa shida. Serikali ya Torino haikutaka kuonekana imehusika, na bunduki nzuri zilizonunuliwa kwa michango ya wananchi zilizuiliwa Milano. Walichopata ni bunduki kuukuu zipatazo 1,000. Meli walizichukua usiku bandarini Genova, Piemonte na Lombardo, meli mbili za moshi za kampuni ya Rubattino. Walijifanya wameziteka, ingawa meneja wa kampuni alikuwa anajua. Walipochelewa kuzitoa bandarini, watu waliokwisha kuteremka mwambani walibaki mashuani wakipigwa na mawimbi saa nyingi za usiku. Meli zilifika karibu na mapambazuko.

Kisha likatokea jambo ambalo baharia yeyote akilisikia atashika kichwa. Risasi na baruti zilikuwa katika mashua nyingine, zimekabidhiwa kwa wafanya magendo waliotakiwa kuzikutanisha na meli baharini. Hazikuonekana. Elfu nzima wakang'oa nanga kwenda kupigana na jeshi la mfalme wakiwa na bunduki mbovu zisizo na risasi. Ilibidi Garibaldi apite Talamone, pwani ya Toscana, avae sare yake ya ujenerali wa jeshi la Piemonte ili aweze kuomba risasi katika ngome ya serikali. Akapewa.

Tarehe 11 Mei waliingia Marsala, ncha ya magharibi ya Sicilia. Usiku wa kuamkia siku hiyo Lombardo, iliyoongozwa na Nino Bixio, ilikaribia kuigonga Piemonte gizani kwa kudhani ni meli ya adui. Bandarini Marsala Lombardo ilikwama. Manowari mbili za Waingereza, Argus na Intrepid, zilikuwa karibu, na meli za Bourbon zilizofika zikasita kupiga mizinga. Katika kusita huko watu walishuka. Siku nne baadaye, tarehe 15 Mei, walipigana Calatafimi, wakipanda mlima wenye matuta ya mashamba, na adui yuko juu. Walishinda, wakapoteza watu wapatao 30. Mwisho wa mwezi walikuwa ndani ya Palermo. Wasicilia wakajiunga, na wengine wakaja na meli zilizofuata. Kufikia Oktoba, pale mtoni Volturno kaskazini ya Napoli, jeshi la wale Elfu lilikuwa zaidi ya watu 20,000. Tarehe 17 Machi 1861 ufalme wa Italia ulitangazwa.

Mzee hakukaa sana kwenye vita. Alichotaka tukijue ni majina. Serikali ya Italia iliandika orodha ya wote walioshuka Marsala, mtu mmoja mmoja, na mwaka 1878 ikaichapisha katika gazeti lake rasmi. Ni majina 1,089. Hawakuwa askari wa kulipwa. Walikuwa wanasheria, madaktari, wanafunzi, mafundi wa mikono, mabaharia, wachoraji. Mji wa Bergamo peke yake ulitoa zaidi ya 170. Mdogo wao wote alikuwa Giuseppe Marchetti, mtoto wa miaka kama 11 aliyefuatana na baba yake daktari. Mkubwa wao alikuwa Tommaso Parodi wa Genova, mzee aliyekaribia miaka 70, ambaye ujanani alipigana chini ya Napoleon. Na katika watu wote hao alikuwemo mwanamke mmoja, Rosalia Montmasson, mfua nguo kutoka Savoia, mke wa mwanasheria wa Kisicilia aitwaye Francesco Crispi. Kabla ya safari mama huyu alipeleka barua za siri hadi Sicilia na Malta. Vita vilipoanza akawauguza majeruhi.

Alitueleza pia Garibaldi alivyomaliza. Baada ya kumkabidhi mfalme nusu ya Italia, Novemba 1860 alipanda meli kurudi kwake kisiwani Caprera, hakukubali vyeo wala mali, na katika mizigo yake kulikuwa na gunia la mbegu za kupanda. Jeshi lake la watu wa kujitolea lilivunjwa, na wengi wao hawakupewa nafasi katika jeshi la mfalme. Nizza, mji aliozaliwa, ulikuwa umeshapewa Ufaransa mwaka huo huo kwa mapatano ya wakubwa. Miaka miwili baadaye, Agosti 1862, askari wa mfalme yule yule walimpiga risasi mguuni huko Aspromonte alipojaribu kwenda kuikomboa Roma.

Ami alitafsiri yote hayo kwa uaminifu. Alipomaliza, aliuliza swali lake mwenyewe, kwa Kitaliano, kisha akanigeukia akalirudia kwa Kiswahili ili nami nijue ameuliza nini.

"Nimemuuliza: huyu Crispi ni yule yule?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Ni yule yule. Crispi, aliyemsukuma Garibaldi aondoke Quarto, aliyekuwa jina mojawapo katika yale 1,089, baadaye akawa waziri mkuu wa Italia. Mkewe Rosalia, aliyebeba naye hatari zote, alimwacha akaoa mwingine. Mwaka 1894 wakulima wa Sicilia walipodai ardhi na kupunguziwa kodi, aliwatangazia utawala wa kijeshi, wale wale Wasicilia aliokwenda kuwakomboa. Na ndiye aliyepeleka majeshi kuitawala Ethiopia, mpaka yakavunjwa Adwa tarehe 1 Machi 1896, naye akaanguka madarakani.

Ami hakuishia hapo. Alisema kampuni ya Rubattino iliyotoa meli mbili za Quarto ndiyo iliyonunua ghuba ya Assab katika Bahari ya Sham mwaka 1869, na serikali ilipoichukua ghuba hiyo mwaka 1882 ikawa koloni la kwanza la Italia katika Afrika. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Waitalia bandari za Benadir, Barawa ikiwemo, na mwaka 1905 zikauzwa kabisa. Walipoingia mafashisti, watu wa kando ya mto Shebelle walisombwa kwa nguvu kwenda kulima pamba na ndizi katika mashamba ya Genale. Babu yake Ami aliwaona wakipitishwa. Ami alikuwa anasema polepole, bila hasira, mkono mmoja kauegemeza kwenye ukuta wa bahari.

"Shuleni walitufundisha kwamba Garibaldi alipigania watu wasitawaliwe na wageni," alisema. "Tulikuwa watoto wa Kibarawa, tumekaa chini, mwalimu Mtaliano, na bendera ya Kitaliano nje. Hakuna aliyethubutu kuuliza."

Nilidhani mzee atakasirika. Hakukasirika. Alitupeleka upande wa pili wa sanamu, akatuonyesha tarehe ya uzinduzi, 5 Mei 1915, akatueleza siku hiyo ilivyokuwa. Ulaya ilikuwa vitani na Italia ilikuwa bado nje. Mshairi Gabriele D'Annunzio alikuja Quarto kuhutubia maelfu ya watu mbele ya sanamu hii, akilitumia jina la wale Elfu kuitaka nchi iingie vitani. Mwezi haukuisha. Tarehe 24 Mei Italia ikaingia, na ilipotoka mwaka 1918 ilikuwa imepoteza askari wapatao laki sita. Baroni mwenyewe, aliyeichonga sanamu, alikwenda vitani.

"Baba yangu alikuwemo katika umati huo," mzee alisema. "Alipiga makofi. Mwaka uliofuata mama yangu akawa mjane."

Mafashisti walipokuja wakaendelea kulibeba jina la Garibaldi kana kwamba wao ndio waliotoka naye Quarto. Lakini wapinzani wao nao hawakukubali kuliacha. Waitalia waliokwenda Hispania kupigana dhidi ya Franco walikiita kikosi chao Garibaldi, na mwaka 1937 huko Guadalajara walikutana uso kwa uso na Waitalia waliotumwa na Mussolini. Wajerumani walipoishika Italia ya kaskazini mwaka 1943, makundi mengi ya wapiganaji wa msituni yalijiita Brigedi za Garibaldi. Mzee wetu alikuwa katika moja ya hizo, milimani nyuma ya Genova. Tarehe 25 Aprili 1945 jenerali wa Kijerumani aliyeushika mji alitia saini ya kusalimu amri, na aliyeweka saini upande wa pili kwa niaba ya wapiganaji alikuwa Remo Scappini, mfanyakazi wa kiwandani.

Kisha akamjibu Ami. Maneno hayo Ami aliyatafsiri mara mbili, nami niliyashika.

"Aliyeshuka mwambani usiku ule hakujua yatakayofanywa kwa jina lake. Yeye alitoa alichokuwa nacho. Sisi tuliokuja nyuma tunajua, na kwa hiyo hatuna udhuru."

Ami alikaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Hilo nimelikubali. Lakini Barawa hakuna sanamu ya wale waliopelekwa Genale, wala orodha ya majina." Mzee akasema ni kweli, na akasema aibu hiyo ni ya nchi yake. Hawakukumbatiana wala hawakugombana. Walibadilishana sigara, tukakaa ukutani wote watatu mpaka basi likaja.

Mimi siku hiyo sikusema mengi, ila mawazo yangu yalikuwa Tanga. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu vita vya Kagera viishe. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka mwishoni mwa mwaka 1978, kaka yangu mkubwa alikuwa mgambo, fundi seremala mwenye mke na watoto, akajiandikisha kwenda. Hakuna aliyekuja kumchukua nyumbani. Vijana kadhaa wa mtaa wetu walikwenda naye. Yeye alirudi mzima. Wenzake wengine hawakurudi. Nilipotazama ile migongo ya shaba inayojinyanyua kutoka chini, sura nilizoziona ni za vijana hao niliocheza nao mpira.

Meli ilipotengenezwa tuliondoka Genova, na mwaka uliofuata mkataba wangu ukaisha nikarudi nyumbani. Nilinunua daftari la mistari, nikamwomba kaka anikalie. Nilimuuliza jina la kila aliyeondoka naye, jina la baba yake, kazi aliyokuwa akifanya, na alipobaki. Mwanzo alisita, akasema mambo ya jeshi hayaandikwi na watu wa mitaani. Nikamwambia siulizi siri za jeshi, nauliza majina ya watu. Alianza na rafiki yake aliyekuwa kinyozi, kisha na kijana aliyekuwa akiuza kahawa stendi, na baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa.

Swali la mwisho nililomuuliza lilitoka Quarto. Nilimuuliza alikwenda kutetea nini. Alijibu kwamba alikwenda kwa sababu watu wa Kagera walikuwa wamechomewa nyumba, nao ni watu wake ingawa hajapata kufika kwao. Hakutaja utukufu wala kulipiza kisasi. Nimeliandika jibu hilo neno kwa neno. Kaka yangu ameshafariki, na hakuna tena wa kumuuliza.

Ndiyo maana naandika sasa, baada ya miaka zaidi ya 40. Nimeona katika maisha yangu jinsi nchi nyingi zinavyojenga minara ya mashujaa. Ni jambo jema na la haki. Waliotoa maisha yao kwa hiari wanastahili jiwe la kudumu na siku ya kukumbukwa. Mashujaa wetu waliozikwa Naliendele kule Mtwara na Kaboya kule Kagera wanastahili heshima zote tunazowapa, na zaidi. Lakini Quarto ilinifundisha kwamba mnara peke yake hauwezi kujitetea. Ukiacha jina la shujaa bila habari zake, atakuja mwenye sauti kubwa kuliko wengine, asimame mbele ya shaba, aseme shujaa huyu angetaka mfanye hivi. D'Annunzio alifanya hivyo pale pale, na watu wakapiga makofi. Crispi alikuwa na haki ya kusema "na mimi nilikuwemo", na ukweli huo haukumzuia kuwafanyia wengine kile alichokataa kufanyiwa.

Kinga yake ni kujua kwa undani waliokwenda ni akina nani na walikwenda kwa ajili ya nini. Italia ilifanya vizuri kuyaandika majina 1,089, akiwemo mtoto wa daktari na mfua nguo wa Savoia. Anayejua kwamba Rosalia alikwenda kuwasaidia Wasicilia waliodhulumiwa hawezi kudanganywa kwamba kuwapiga Wasicilia wenye njaa ni kuendeleza kazi yake. Na anayejua kwamba wale Elfu walipinga kutawaliwa na wageni anayo hoja ya kutosha ya kuikataa Assab, Adwa na Genale, hata kama aliyepeleka majeshi Adwa alikuwa mtu aliyesafiri nao.

Nawaomba vijana wanaosoma maneno haya. Katika mtaa wako au kijiji chako yuko mzee aliyekwenda Kagera, au aliyejitolea Msumbiji, au aliyebeba majeruhi, au aliyepika kambini. Umri umesonga, na kila msimu tunawazika. Nenda kwake na daftari. Mwamkie, kaa chini, muulize majina ya aliokwenda nao, kazi zao, na walichokwenda kukitetea. Usichanganye maneno yake na yako. Yakishaandikwa, wasomee watoto, ili siku mtu yeyote atakaposimama mbele ya mnara kudai kwamba anasema kwa niaba ya mashujaa, wawepo watu wanaoweza kumjibu wakiwa na ushahidi mkononi.